Umeme Usiohisiwa na Mkono

Tangu kale watu wa Mto Nili walimjua samaki ambaye amgusaye hupigwa na umeme. Sura yake imechongwa katika kaburi la Ti huko Saqqara, lenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Nguvu kama hiyo haikuhitaji wakili. Lakini katika mto huo huo, na katika Ziwa Turkana, huishi samaki mwingine, Gymnarchus niloticus, mwenye kiungo cha umeme mkiani ambacho pigo lake mkono wa mtu hauwezi kulihisi. Wataalamu wa karne ya 19 waliviita viungo vya namna hii viungo vya umeme wa bandia.

Dharau hiyo iliacha fumbo. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alikiri kwamba viungo vya umeme vilimpa shida ya pekee. Ikiwa viumbe hubadilika hatua kwa hatua, na kila hatua yapasa imfae mwenyewe, je, umeme usioweza kuua wala kufukuza ulimfaa nini samaki wa kwanza aliyekuwa nao?

Jibu lilikawia miaka zaidi ya 90. Hans Lissmann wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliona kwamba Gymnarchus huogelea kinyumenyume kwa wepesi ule ule aendao mbele, wala hajigongi, ingawa macho yake ni dhaifu. Alitia waya majini akapima. Na mwaka 1951 akatangaza kuwa mkia wa samaki huyo hutoa umeme bila kukoma, mapigo kama 300 kila sekunde.

Mwaka 1958 yeye na Kenneth Machin walieleza kazi yake. Walimfundisha samaki kuchagua kati ya vyungu viwili vya udongo vyenye vinyweleo, vilivyofanana kwa sura: kimoja kilijaa maji, cha pili kilifichwa kijiti cha kioo ndani. Jicho lisingaliweza kuvitenga, samaki alivitenga. Umeme wake huenea majini ukauzunguka mwili. Kitu kipitishacho umeme huukusanya, na kisichoupitisha huutawanya, hata kila kitu kikatupa kivuli chake juu ya ngozi. Vipokezi vya ngozini hukisoma kivuli hicho, na mishipa ya fahamu huipeleka habari kwenye ubongo wa nyuma. Ndiyo sababu samaki huyu huunyoosha mwili kama fimbo na kuogelea kwa pezi la mgongoni: akijipinda, kivuli huvurugika.

Hivyo kiungo dhaifu kilikuwa na faida yake tangu awali, na kile chenye nguvu kiliweza kukua kutoka kwake. Fumbo lilidumu kwa kuwa wataalamu waliuliza umeme huo waweza kumtenda nini adui, wasiulize wamwambia nini mwenyewe.