Mjumbe wa Mbulu katika Uchaguzi wa Mwaka 1960

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu cha Ushirika, twaona ni wajibu wetu kuwakumbusha wanachama habari moja ya uchaguzi iliyotokea katika nchi yetu hii. Leo Nangara na mji wote wa Babati umo katika Mkoa wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002. Siku zile Babati ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, katika Jimbo la Kaskazini.

Wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika walichaguliwa kwa kura mara ya kwanza mwaka 1958 na 1959. Mpiga kura alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo maalumu. Tena alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wakulima wengi walibaki kuwa watazamaji.

Uchaguzi wa pili ulifanywa tarehe 30 Agosti 1960, na masharti yakalegezwa: aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliweza kupiga kura. Viti vilikuwa 71, na TANU ilipata 58 bila kupingwa. Lakini Mbulu ilikuwa na shauri lake. Wakubwa wa chama walimteua Chifu Amri Dodo, hali wanachama wengi wilayani walimtaka Bwana Herman Sarwatt. Basi Bwana Sarwatt, ingawa alikuwa mwana TANU, alisimama kwa jina lake mwenyewe, akashinda. TANU ikapata viti 70. Kile kimoja kilichosalia kilikuwa cha Mbulu.

Hata hivyo hakukigeuka chama chake, bali aliketi Barazani pamoja na wenziwe wa TANU. Watu wa Mbulu hawakuwa wamekikataa chama. Walikataa kuchaguliwa mtu wasiyemtaka.

Mwaka 1965, chini ya Katiba ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walishindanishwa mbele ya wananchi, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Hata Bwana Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mwanzilishi mashuhuri wa ushirika wa wakulima wa pamba huko Ziwa, alishindwa.

Ndugu wanachama, kwetu sisi mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja wana kura moja moja. Kamati yaweza kupendekeza majina. Kuchagua ni kazi ya Mkutano Mkuu. Twawaomba viongozi wasimwite adui mwanachama anayesimama bila kupendekezwa. Na kura zikisha kuhesabiwa, aliyeshinda na aliyeshindwa walete mazao yao katika ghala moja. Penye wengi hapaharibiki neno.