Bakteria, Nyongo na Mafuta: Hoja Kutoka Homa Bay na Migori

Mjadala kuhusu bakteria wa tumboni na unene wa kupindukia umejengwa zaidi juu ya panya wa maabara na walaji wa nchi tajiri. Makala hii inadai kwamba mjadala huo hautakamilika bila kuwatazama watoto wa Homa Bay na Migori, kaunti za magharibi mwa Kenya, kwa kuwa unene na ukondefu vinaweza kuanzia mahali pamoja: katika utumbo mwembamba, mafuta yanapokutana na nyongo.

Mwaka 2004, Fredrik Bäckhed na wenzake huko St. Louis, Marekani, waliwapandikiza bakteria panya waliolelewa bila bakteria wowote. Katika muda wa wiki mbili mafuta ya miili yao yaliongezeka kwa takriban asilimia 60, ingawa walikuwa wakila kidogo kuliko hapo awali. Mwaka 2018, kikundi cha Eugene Chang cha Chuo Kikuu cha Chicago kilipeleka hoja mbele. Panya wasio na bakteria walipolishwa mafuta mengi, walishindwa kuyafyonza vizuri. Walipopewa bakteria wa utumbo mwembamba wa panya waliozoea mafuta, ufyonzaji uliongezeka hata kwa chakula chenye mafuta machache. Si kila jaribio limekubaliana na hayo: kuna panya wasio na bakteria walionenepa kwa baadhi ya vyakula vya mafuta. Kwa hiyo bakteria hawatendi peke yao. Hutenda pamoja na kilicholiwa.

Upande wa pili wa suala hili umechunguzwa Afrika. Mradi wa Afribiota uliwakuta watoto waliodumaa wa Bangui (Jamhuri ya Afrika ya Kati) na Antananarivo (Madagaska) wakiwa na bakteria wa kinywani ndani ya utumbo mwembamba. Mwaka 2022 watafiti wake walionyesha, kwa majaribio ya maabara, kwamba bakteria hao huzuia ufyonzaji wa mafuta. Nyongo pia inahusika. Chumvi zake ndizo zinazoyavunja mafuta kuwa matone madogo, na baadhi ya bakteria huzibadilisha zikapoteza nguvu hiyo. Hilo likitokea katika utumbo mpana halina hasara kubwa, maana mafuta yamekwisha kufyonzwa. Likitokea mapema, mtoto hula lakini hanufaiki ipasavyo.

Hapo ndipo jaribio la Boresha Afya, la Homa Bay na Migori, linapopata uzito. Liliwahusu watoto wa miezi 6 hadi 24 wenye utapiamlo waliotibiwa kuhara. Walipewa laktoferini, lisozimu au zote mbili, protini zilizomo katika maziwa ya mama, kwa wiki 16, na kulinganishwa na wasiopewa. Dhana iliyo nyuma yake ni kwamba kumwongezea mtoto chakula pekee hakutoshi ikiwa utumbo wenyewe umeharibika.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona bakteria wasiuawe tu kwa dawa? Jaribio la antibiotiki ya azithromycin kwa watoto zaidi ya 8,000 wenye kuhara katika nchi saba, Kenya na Tanzania zikiwemo, halikupunguza vifo kwa kiwango cha kuaminika, na faida yake kwa ukuaji ilikuwa ndogo mno. Kuua bila kuchagua si tiba ya mfumo tunaouhitaji.

Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, huku asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi. Mara nyingi makundi hayo mawili huhudumiwa kwa mipango tofauti. Lakini wanakula katika nyumba zilezile, ugali na omena iliyopikwa kwa mafuta ya kupima, na wanatumia maji yaleyale.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, utafiti usiishie kwenye kinyesi, ambacho hueleza zaidi habari za utumbo mpana. Pili, watoto wanaopona wafuatiliwe hadi utu uzima, ili ijulikane kama utumbo uliotengenezwa upya unawakinga au unawaandalia unene. Mpaka hapo, choo na maji safi vihesabiwe kuwa sehemu ya sera ya lishe, kwa mtoto aliyekonda na kwa mama yake aliyenenepa.