Kuelewa: Ugonjwa wa maini unaweza kupandisha tansio ya mapafu

Mangina na vijiji vya zoni ya afya ya Mabalako, mtu akivimba tumbo wengi wanafikiria sumu kwanza. Akianza kukosa pumzi, wanasema sumu imepanda kifuani. Lakini iko ugonjwa unaoleta yote mawili, na madaktari wanaujua.

Inatokea namna gani?
Damu inayotoka matumboni inapita ndani ya maini kabla ya kurudi moyoni. Maini yakijaa makovu, njia inaziba na tansio inapanda kwenye mshipa unaoingia humo. Damu inatafuta njia za pembeni, na vitu ambavyo maini yangesafisha vinafika kwenye mapafu. Kwa wagonjwa wengine, mishipa midogo ya mapafu inakuwa myembamba, na upande wa kuume wa moyo unasukuma mpaka unachoka. Hali hii inapata watu kama 2 hadi 6 kati ya 100 wenye tansio hiyo ya maini.

Makovu yanatoka wapi?
Hepatiti B na C, pombe kali kama kanyanga, na bilharzia, ambayo ni ya wengi kandokando ya Ziwa Albert, kwa majirani wa Ituri.

Dalili ni zipi?
Kukosa pumzi ukipanda mlima au ukibeba gunia la kakao, kuchoka, maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuzimia, miguu kuvimba. Angalisho: tansio inayopimwa kwenye mkono inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Ekografia ya moyo ndiyo inayoanza kuonyesha shida.

Matibabu je?
Ziko dawa za kufungua mishipa ya mapafu, lakini ni daktari tu anaziandika. Propranololi, ambayo wagonjwa wengi wa maini wanapewa ili wasitapike damu, inaweza kuzidisha hali hii. Mgonjwa asiiache mwenyewe, aulize daktari.

Kujikinga: watoto wapate chanjo ya hepatiti B, bilharzia itibiwe mapema kwa prazikwanteli, pombe ipunguzwe.

Mwenye ugonjwa wa maini akikosa pumzi, aeleze mambo yote mawili kwa muganga siku hiyohiyo. Akitaja kifua peke yake, anaweza kupewa dawa ya asma, na moyo unaendelea kuchoka.