Wachache Kabla ya Maelfu: Malale, Dawa na Umeme wa Retina

Kasulo hutajwa zaidi kwa sababu ya mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, na Benaco, iliyomo katika kata hii ya Ngara, ikawa kwa muda mfupi miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Ila nchi hii iliyo kati ya Mto Kagera na mapori ya Burigi na Biharamulo ina historia ya kale zaidi, ya mbung'o na malale, na historia hiyo ina fungu linalohusu macho. Fungu hilo ndilo linaloeleza, kuliko hoja yoyote ya kibiashara, kwa nini kipimo cha umeme wa retina kinapaswa kuwahusu watu wa huku. Umuhimu wake wa kwanza hauko katika kuwekwa kwenye kila zahanati. Uko katika wajibu wa yeyote anayeleta dawa kwa maelfu: ayapime kwa makini macho ya wachache kwanza.

Mwaka 1906 Robert Koch, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, alifika Ziwa Viktoria akiongoza msafara wa Wajerumani wa kuchunguza malale. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuua watu zaidi ya laki mbili katika Buganda na Busoga. Koch alipiga kambi visiwa vya Sese, akawadunga wagonjwa zaidi ya elfu moja atoksili, dawa iliyotengenezwa kwa aseniki. Vimelea vilitoweka katika damu, kisha vikarudi. Naye akaongeza kipimo kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Wagonjwa 22 wakapofuka, wasione tena. Hao ni wale waliohesabiwa. Wagonjwa wengi waliondoka kambini kabla ya matibabu kwisha, na aliyepofukia nyumbani kwake hakuingia katika daftari la mtu. Hata hivyo mfumo wa kambi ulivuka mpaka na kuingia upande wa Wajerumani, pale Kigarama katika nchi ya Kiziba, kaskazini mwa Mkoa wa Kagera wa leo. Baadaye, chini ya Waingereza, njia kuu ya kupambana na malale magharibi mwa Tanganyika, Biharamulo ikiwamo, ikawa kuwahamisha watu na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, mbali na mbung'o. Kote huko mgonjwa ndiye aliyetakiwa kumwamini mganga. Mganga hakutakiwa kuonyesha amepima nini.

Msomaji mwenye haki atasema ninamdai Koch chombo ambacho hakikuwapo. Kwa sehemu ni kweli. Frithiof Holmgren wa Uppsala aligundua mwaka 1865 kwamba jicho likipigwa na mwanga hutoa badiliko dogo la umeme. James Dewar akalirekodi kwa binadamu mwaka 1877. Einthoven na Jolly wakaligawa katika mawimbi yenye majina mwaka 1908, Koch akiwa ameshaondoka ziwani. Kazi hiyo ilihitaji galvanomita nyeti na utulivu wa maabara, na ni mwaka 1945 tu ambapo Gösta Karpe wa Stockholm aliionyesha kuwa kipimo cha kliniki, kwa kutumia lenzi yenye elektrodi inayokaa juu ya jicho. Lakini kioo cha Helmholtz cha kutazamia ndani ya jicho kilikuwapo tangu 1851, na kumwuliza mgonjwa anaona nini pembeni hakuhitaji chombo chochote. Kilichokosekana Sese kilikuwa utaratibu wa kulitazama jicho kabla ya kuongeza dawa. Teknolojia haileti utaratibu huo yenyewe: yapata mwaka 1930, huko Bafia, Kamerun, dawa nyingine ya aseniki, tripasamidi, ilitolewa kupita kiasi na kupofusha watu wapatao 700. Hatari yake kwa macho ilikuwa imeshajulikana.

Kuna pingamizi zito zaidi, la kitaalamu. Kipimo cha kawaida hufanyika hivi: mgonjwa hutiwa matone ya kupanua mboni, hukaa gizani kama dakika 20, kisha mwanga humulikwa ghafla na elektrodi kunasa umeme usiofika hata sehemu moja ya elfu ya volti. Hakuna kisu wala sindano, na siku hizi elektrodi yaweza kubandikwa kwenye ngozi chini ya jicho. Wimbi la kwanza hutoka kwa seli zinazopokea mwanga, la pili kwa seli zinazofuata. Atoksili ilidhuru hasa neva inayobeba picha kwenda kwenye ubongo, na neva yaweza kufa mawimbi hayo mawili yakiwa mazima. Basi kipimo hiki peke yake kingeweza kudanganya. Pingamizi hili ni sahihi, na linaiimarisha hoja, kwa sababu linatulazimisha kuuliza dawa fulani hudhuru sehemu gani. Kwa seli zinazozaa neva hiyo kuna kipimo cha retina cha miraba myeusi na myeupe inayopokezana. Kwa njia nzima hadi ubongoni kuna elektrodi za kisogoni.

Wapo watakaosema anasa hizi hazina nafasi Benaco. Mwaka 1994 kilichotakiwa kilikuwa maji, chakula, chanjo ya surua na vitamini A. Nani angembandika mtoto elektrodi? Hakuna, wala hakupaswa. Lakini tuitazame vitamini A yenyewe. Mtoto aliyepungukiwa nayo huanza kwa kutoona usiku, na George Wald na John Dowling walionyesha kwa panya, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba umeme wa retina hufifia kabla seli zake hazijaharibika. Umuhimu wa vitamini A kwa wenye surua ulipata ushahidi hapahapa Tanzania, katika hospitali ya Mvumi, Dodoma: jaribio la watoto 180, lililochapishwa mwaka 1987, ambamo waliopewa vitamini A walikufa 6 kati ya 88, na wasiopewa 12 kati ya 92. Idadi ni ndogo, na peke yake isingetosha kuamua. Lakini iliongezwa kwenye ushahidi wa kwingine, na mwaka uleule Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakapendekeza kirutubisho hicho. Wachache walipimwa kwa subira, na maelfu wakapata tone la bei ndogo.

Leo mgonjwa wa Ngara anayemeza haidroksiklorokwini kila siku kwa ajili ya lupasi au baridi yabisi anastahili kuambiwa kwamba dawa hiyo, ikitumiwa kwa miaka, yaweza kudhuru katikati ya retina, na kwamba baada ya miaka mitano anatakiwa apimwe kila mwaka. Aina ya kipimo cha umeme iliyobuniwa na Erich Sutter, inayoipima retina eneo kwa eneo, ni mojawapo ya njia za kuligundua dhara hilo mapema, na kwa hiyo safari ya kwenda hospitali ya rufaa ina maana. Mgonjwa wa kifua kikuu anayepewa ethambutoli yuko tofauti: hatari yake iko kwenye neva, na ubao wa herufi pamoja na kitabu cha kupimia rangi, vinavyoweza kukaa katika kituo cha afya cha kawaida, vitamfaa zaidi, mradi atazamwe siku anapoanza dawa na si siku anapolalamika.