Jua la Wanyaturu katika Vitabu vya Wageni

Msafiri atokaye Manyoni kwenda Singida hufika Mkiwa, ilipo njia panda ya kuelekea Itigi na Rungwa. Wengi wetu hupita pale tukiwaza kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti. Ni wachache wanaojua kwamba habari za Wanyaturu zilichapishwa Berlin tangu mwaka 1915, kwa Kijerumani, katika jarida la Baessler-Archiv. Mwandishi wake, Eberhard von Sick, alikuwa afisa wa jeshi la wakoloni.

Niliirejea makala hiyo baada ya kusoma juu ya Warusi wa kwanza walioichunguza dini ya Tao na visasili vya Wachina. Aliyewafungulia njia ni mtawa Iakinf Bichurin, aliyeongoza ujumbe wa Kanisa la Kiorthodoksi mjini Beijing kuanzia 1808 hadi 1821. Alivipenda vitabu vya Wachina kuliko utume wake. Aliporudi kwao alihukumiwa na kufungiwa katika monasteri ya Valaam. Mwaka 1873 Vasily Vasilyev alitoa kitabu juu ya mafundisho ya Confucius, Ubudha na dini ya Tao, na mwaka 1892 Sergei Georgievsky akafuatia na kingine juu ya visasili.

Hao nao walikuwa watu wa dola kubwa, wenye majivuno ya zama zao. Hata hivyo, mbele yao palikuwa na maandishi ya Wachina wenyewe. Mrusi akikosea kumfasiri Laozi, Mchina aliweza kufungua kitabu chake na kumsahihisha. Unyaturu hapakuwa na kitabu. Palikuwa na wazee, na wazee hao walikuwa wakihojiwa na dola.

Tena dola ya namna gani? Mwaka 1908 Wanyaturu walikuwa wameupinga utawala wa Kijerumani, na simulizi humtaja mwanamke, Liti Kidanka, aliyewapeleka nyuki wawashambulie askari. (Leo jina lake liko kwenye uwanja wa mpira mjini Singida, sina hakika kama wote wanaoshangilia humo hujiuliza Liti alikuwa nani.) Mzee aliyeyaona hayo, akiulizwa na afisa juu ya matambiko na siri za mvua, angejibu nini? Nadhani angesema machache, na mengine angeyapindisha kwa makusudi. Kwa hiyo mimi huisoma makala ya 1915 kama kumbukumbu ya mahojiano kati ya mshindi na mshindwa, hata pale inapoeleza mambo ya kweli.

Hali ilibadilika baadaye. Mwaka 1967 jarida la Transition la Kampala lilichapisha makala juu ya kusifiwa kwa jua katika ibada za Wanyaturu, yenye majina matatu: Marguerite Jellicoe, Philip Puja na Jeremiah Sombi. Harold Schneider alifuata mwaka 1970, ila yeye alijishughulisha zaidi na uchumi. Katika makala ile ya jua, wenyeji walikuwa wamekaa upande wa waandishi, ingawa lugha ilikuwa Kiingereza.

Kurasa za von Sick zinastahili kufasiriwa kwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti mbele ya wazee wa vijiji vya kandokando ya Mkiwa. Ningependa niwepo, nione ni wapi watatikisa kichwa, na ni wapi watacheka.