Neno la Kuchovya Dhahabu

Karibuni tena darasani, ninyi mlioko mjini Arusha na ninyi mlioko huko juu mlimani Meru. Leo twatazama kitenzi kimoja cha Kiingereza, "gild", kisha twende nacho katika historia ya mahali petu.

Maana yake ya kwanza ni kukipaka kitu dhahabu juu juu. Mafundi wa zamani waliifua dhahabu mpaka ikawa nyembamba kuliko karatasi, wakaibandika juu ya ubao. Wengine waliichanganya na zebaki, wakapaka, wakatia motoni. Zebaki ikatoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Tangu karne ya 19 kazi hiyo hufanywa pia kwa umeme. Sisi husema "kuchovya". Pete ya kuchovya yang'aa, lakini ikwangue kidogo, utaiona shaba.

Maana ya pili ni ya mfano: kulipamba jambo baya kwa maneno mazuri. Hapo ndipo inapoingia historia yetu.

Mwaka 1946 Serikali ya kikoloni ilimweka Jaji Mark Wilson achunguze mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi. Yeye alishauri kwamba nchi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro iwe eneo moja la mashamba ya Wazungu. Mpango ukasifiwa kuwa ni wa maendeleo ya ufugaji, na Wameru wakaahidiwa nchi nyingine King'ori, pamoja na fidia. Maneno yaling'aa. Novemba 1951 askari walifika Ngarenanyuki. Watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu, na nyumba zikachomwa moto. Wameru waliikataa fidia.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, alikwenda New York kuwasemea wenzake mbele ya Umoja wa Mataifa. Huko aliikwangua dhahabu, wajumbe wakaiona shaba. Hata hivyo, mwezi wa Desemba, azimio la kutaka ardhi irudishwe lilikosa theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Ardhi haikurudi wakati ule. Lakini watu wa Tanganyika walikuwa wamekwisha kuona kwamba mtu wa kijijini aweza kuyajibu maneno ya wakubwa, tena mbele ya dunia nzima.

Sasa swali la kuzungumza katika vikundi vyenu. Tafuteni neno moja zuri mlilolisikia mkutanoni hivi karibuni. Likwangueni. Je, ndani mna dhahabu au shaba?