Kutoka Haki hadi Kibali: Maji ya Mvua katika Lugha ya Sheria

Mkandarasi anapofyeka kiwanja na kuchimba msingi kabla ya masika, mvua huuchukua udongo uliolegezwa na kuupeleka bondeni. Musoma umejengwa ufukoni mwa Ziwa Victoria; wilaya ya Bunda imepakana na Ghuba ya Speke. Butiama iko mbali na ufuko, lakini maji yake ya bomba huvutwa kutoka ziwani, Mugango. Kwa hiyo neno analoandikiwa mkandarasi katika masharti ya ujenzi lawahusu wote wanywao maji hayo.

Historia ya sheria zetu yaonyesha jinsi lugha ilivyobadilika. Sheria ya mwaka 1974 ilizungumzia "haki" ya kutumia maji: aliyetazamwa zaidi ni mchotaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilidai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa kuanza, ikakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mwaka 2009, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji iliweka "kibali" mahali pa "haki": kimoja cha kutumia maji, kingine cha kumwaga maji machafu.

Huko Marekani, maji ya mvua yaliingizwa bayana katika vibali kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 1987. Kanuni za mwaka 1990 zilihusu maeneo ya ujenzi ya ekari 5 au zaidi. Za mwaka 1999 zikashuka hadi ekari 1.

Mfasiri wa kanuni kama hizo hana budi kujihadhari. Akiandika "maji ya dhoruba", msomaji atafikiria tufani ya baharini. Akiandika "maji taka", mkandarasi atajibu kwamba hakumwaga uchafu wa chooni. Akiandika "maji ya mvua" tu, ataulizwa tangu lini mvua ya Mungu ikaombewa kibali. Kinachodhibitiwa si mvua, bali maji yatiririkayo juu ya ardhi yakibeba udongo, saruji na mafuta. Twaona "mtiririko wa mvua" wafaa zaidi.

Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria zetu. Basi tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali walipime neno hili kazini. Sharti lisiloeleweka kiwanjani halitazuia tope kufika ziwani.